Bajeti ya Halmashauri Hatua kwa Hatua: Kupanga Wakati Fedha Nyingi Ziko Hazina

Mwongozo huu ni wa diwani mpya, mtendaji wa kata, mganga mfawidhi wa zahanati na mwalimu mkuu. Bajeti ya halmashauri inawagusa kila siku, lakini wengi wao huiona kwa mara ya kwanza ikiwa tayari ni kitabu kinene kilichogawiwa asubuhi ya baraza. Unahusu Tanzania Bara, yenye halmashauri 184. Majiji yana vyanzo vyake vikubwa na mambo yake. Hapa nazungumzia halmashauri ya wilaya ya kawaida, ile ambayo Hazina ikichelewa kidogo, kila kitu kinasimama isipokuwa posho za vikao.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Anayeanza kufikiria bajeti ya Julai mwezi Februari amechelewa kwa miezi sita.

Hatua ya 1: Tenganisha fedha unazopanga na zile zinazopita tu

Ukifungua kitabu cha bajeti utakutana na mabilioni, na hapo ndipo diwani mpya anapoanza kuota barabara na vituo vya afya. Tulia kwanza. Chukua kalamu ugawe jumla ile katika mafungu manne.

La kwanza ni mishahara. Kwa halmashauri za vijijini ndilo fungu kubwa kuliko yote, kwa sababu walimu na watumishi wa afya ndio wengi. Fedha hizi zimeandikwa kwenye kitabu chenu lakini zinatoka Hazina kwenda moja kwa moja kwa mtumishi. Baraza haliwezi kuhamisha hata shilingi. La pili ni matumizi mengineyo, ambayo ofisini wote huyaita OC: mafuta, umeme, karatasi, likizo za watumishi. Huwa ni kidogo, na ndiyo ya kwanza kukatwa mambo yakibana. La tatu ni ruzuku ya miradi ya maendeleo, na nyingi huja na jina lake: hii ya kumalizia maboma (majengo yasiyokwisha) ya zahanati, hii ya elimumsingi bila malipo, hii ya Mfuko wa Pamoja wa Afya, hii ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini. La nne ni mapato ya ndani, yaani yale halmashauri inayoyakusanya yenyewe.

Sasa piga mstari. Katika mafungu hayo manne, uhuru wa kweli wa baraza uko kwenye la nne na kwenye sehemu ya la tatu. Halmashauri yenye kitabu cha bilioni 30 inaweza kuwa na bilioni moja na ushee tu ambayo madiwani wanaweza kubishana juu yake kwa maana. Afadhali ulijue hilo mapema kuliko kuwaahidi watu mambo yasiyo kwenye uwezo wako.

Yapo pia yasiyomo kabisa. Barabara za wilaya ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na maji vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Mipango yao huletwa kwenye vikao mkaijadili, lakini fedha zake hazipiti kwa mweka hazina wenu. Diwani anayempigia kelele mkurugenzi kwa ajili ya daraja anapoteza muda; ampelekee meneja wa TARURA wa wilaya hoja yake kwa maandishi, tena kabla ya Novemba.

Hatua ya 2: Anzia kijijini, Agosti na Septemba

Utaratibu unaotambulika ni ule wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wananchi wanaibua mahitaji, halmashauri ya kijiji inayapanga, mkutano mkuu wa kijiji unayapitisha, kisha yanakwenda kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata.

Kwenye karatasi utaratibu ni mzuri. Shida ni kwamba vijiji vingi huandika orodha ya mambo kumi na matano, yote yakiwa "kipaumbele namba moja", na mwaka unaofuata mtendaji anabadilisha tarehe na kuituma tena. Orodha ya namna hiyo haimsaidii mchumi wa halmashauri, kwa hiyo atachagua mwenyewe, na kijiji kisije kulalamika baadaye.

Fanyeni hivi: kila kijiji kitoe mambo matatu, kwa mpangilio wa namba, bila kufungana. Kwa kila moja andikeni majibu ya maswali machache. Eneo lipo na lina muhtasari wa kijiji unaothibitisha kuwa ni la umma? Jengo limefika wapi: msingi, lenta au paa? Wananchi wamechangia nini hadi sasa, kwa fedha au kwa mawe na mchanga? Likikamilika leo, nani atafanya kazi humo? Swali la mwisho ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo linalozaa zahanati zenye rangi mpya na kufuli mlangoni.

Orodha hii iwe tayari kabla ukomo wa bajeti, yaani kiasi cha juu mnachoruhusiwa kupanga, haujashuka. Ukomo ukifika ndipo muanze kuitana mkutano, mtapanga kwa siku tatu jambo la miezi mitatu.

Hatua ya 3: Soma mwongozo, kisha uelewe ukomo umetoka wapi

Kila mwaka Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti, kwa kawaida karibu na Novemba, kisha halmashauri hupewa ukomo: kiasi cha juu ambacho kila fungu lisivuke. Mwongozo ndio unaosema mwaka huo Serikali inataka nini. Maandalizi ya 2026/27 yana uzito wake, maana ndio mwaka wa kwanza wa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, na mpango wa miaka mitano uliokuwepo unaishia 2025/26. Andiko la mradi linalonukuu malengo ya mpango uliokwisha hurudishwa.

Ukomo haushuki kutoka mbinguni. Nyuma yake kuna takwimu, na takwimu nyingine mnazipeleka nyinyi wenyewe. Tangu mfumo wa ruzuku kwa vigezo ulipoanza mwaka 2004, ruzuku ya afya iliwekewa mgawanyo huu: asilimia 70 kwa idadi ya watu, na asilimia 10 kwa kila kimoja cha vigezo vya umaskini, urefu wa safari za magari ya huduma, na vifo vya watoto chini ya miaka mitano. Uwiano wa namna hii hupitiwa na kubadilishwa, lakini mantiki imebaki ileile: hesabu ya watu ndiyo hesabu ya fedha.

Kwenye shule za msingi jambo hili liko wazi zaidi. Ruzuku ya uendeshaji imepangwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shilingi 4,000 hubaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huenda kwenye akaunti ya shule. Shule ya wanafunzi 700 itapata shilingi milioni 4.2 kwa mwaka, yaani laki tatu na nusu kwa mwezi: chaki, mitihani, ukarabati mdogo, michezo na utawala, vyote humo. Mwalimu mkuu aliyesahau kuhuisha idadi baada ya kupokea darasa la kwanza amejipunguzia mwenyewe. Kabla ya Desemba, afisa elimu akae na kila mtendaji wa kata walinganishe idadi iliyo kwenye mfumo na daftari la mahudhurio.

Ukomo ukichelewa, msisubiri mikono mifukoni. Tumieni wa mwaka unaoendelea kama wa muda, mpange, kisha mpunguze au mwongeze. Na ukishafika, jueni kwamba unaweza kubadilishwa tena Machi mkiwa mmeshapitisha. Ndiyo maana orodha yenye namba ni muhimu: fedha zikipungua mnakata kutoka chini kwenda juu, bila kuitisha ugomvi mpya.

Hatua ya 4: Kisia mapato ya ndani bila kujidanganya

Hapa ndipo bajeti nyingi huharibikia, na huharibika kwa njia mbili zinazopingana. Kuna halmashauri inayokisia juu ili kitabu kipendeze mkoani, halafu Machi imekusanya nusu. Kuna nyingine inayokisia chini makusudi, kwa kuwa OR-TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa, hutangaza halmashauri zilizokusanya kwa asilimia kubwa, na njia rahisi ya kufikisha asilimia 110 ni kujiwekea lengo dogo. Mkurugenzi anapongezwa, huku miradi ambayo ingewezekana haikuingizwa kabisa.

Dawa ni moja. Weka mezani makusanyo halisi ya miaka mitatu kwa kila chanzo, siyo makisio. Ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mauzo ghafi ya kampuni na wafanyabiashara, leseni, minada ya mifugo, vibali vya ujenzi, ushuru wa mazao. Kila chanzo kipewe sababu ya kupanda au kushuka. "Tutaongeza juhudi" siyo sababu. "Mashine za kukusanyia zitaongezwa kwenye vizuizi viwili vinavyovuja" ni sababu, na inaweza kukaguliwa.

Ushuru wa mazao uangaliwe kwa jicho la pili. Halmashauri za Mtwara na Lindi zinaishi kwa korosho, na msimu wa 2018 uliwapa somo. Wanunuzi walitoa bei ambayo wakulima waliikataa. Novemba 12, 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaenda kuzibeba. Mfumo wa kawaida wa mnada, ambao ushuru wa halmashauri hutoka ndani yake, ukavurugika, na bajeti zilizokuwa zimeegemea zao moja zikayumba. Kwa hiyo kama zaidi ya theluthi ya mapato yenu yanatoka kwenye zao moja, msilitegemee kwa mradi wowote unaoanza kabla ya msimu wa mauzo kwisha.

Kuna hatari nyingine inayotoka Dodoma. Kila Juni Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, na humo chanzo chenu kinaweza kupunguzwa au kuhamishwa. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka kiwango cha juu cha asilimia 5. Kodi ya majengo ilihamia TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na tangu 2021 wananchi huilipa kupitia LUKU, yaani wanaponunua umeme. Kwa sababu hiyo acheni asilimia kadhaa ya makisio bila kuyafunga kwenye mkataba wowote hadi Julai.

Baada ya hapo toeni yaliyo lazima. Anza na mapato lindwa, yaani yale yenye kazi yake maalumu kama michango ya huduma za afya, ambayo baraza haligawi. Kinachobaki ni mapato yasiyolindwa. Humo asilimia 10 ni ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hilo limo kwenye sheria tangu 2018. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarudishwa mwaka 2024. Halafu mwongozo hutaka sehemu ya mapato yasiyolindwa iende kwenye maendeleo, asilimia 40 kwa halmashauri ndogo na 60 au zaidi kwa zenye makusanyo makubwa.

Kwa mfano, makisio ni bilioni 1.8, na milioni 300 ni lindwa. Inabaki bilioni 1.5. Mikopo ni milioni 150: wanawake 60, vijana 60, wenye ulemavu 30. Asilimia 40 ya maendeleo ni milioni 600. Iandikeni namba hiyo ubaoni kwa herufi kubwa, maana hatua inayofuata yote inaihusu.

Hatua ya 5: Maliza kabla ya kuanzisha

Milioni 600, kata 20. Kishawishi cha kwanza cha baraza lolote ni kugawana sawa, milioni 30 kila kata, kila diwani aondoke na keki yake. Sasa tazama bei ambazo Serikali yenyewe imekuwa ikizitumia: chumba kimoja cha darasa milioni 20, kumalizia boma la darasa milioni 12.5, kumalizia boma la zahanati milioni 50. Kwa milioni 30 kata yenye boma la zahanati haimalizi. Inayojenga madarasa inapata moja na nusu. Nusu hiyo itakaa miaka mitatu ikinyeshewa, na mabati ya lile zima yatakuwa yameanza kuchakaa.

Ninachopendekeza ni mzunguko. Kata nane mwaka huu, saba mwakani, tano mwaka wa tatu, na ratiba ipitishwe na baraza mara moja kwa muhtasari uliosainiwa. Ni vigumu kisiasa, sikatai. Diwani wa mwaka wa tatu atakuwa anasikia maneno barazani na sokoni. Lakini muhtasari ule unampa cha kuwaonyesha wananchi wake, jambo ambalo boma lisilo na paa haliwezi kufanya.

Hapa ndipo mapato ya ndani yanapokutana na ruzuku. Ruzuku nyingi za Serikali Kuu hufuata jengo lililokwisha kuanza: wananchi wamefikisha lenta, Serikali inaezeka na kumalizia. Kwa hiyo shilingi yenu ndogo ina nguvu zaidi ikitumika kuandaa eneo, kulipia michoro, au kusukuma boma lifikie hatua ambayo ruzuku inaipokea. Weka daftari la maboma yote ya halmashauri, na hatua ya kila moja, picha na makadirio ya kumalizia. Likitoka tangazo la fedha, mnatuma siku hiyohiyo.

Na kila jengo jipya liandikiwe gharama ya kuliendesha. Zahanati inahitaji watumishi, na watumishi hupatikana kupitia ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zinazohitajika, na kibali cha ajira kutoka Utumishi, ofisi inayosimamia watumishi wa umma. Afisa utumishi anayeandaa ikama bila kuongea na afisa mipango ndiye anayeacha jengo bila muuguzi.

Hatua ya 6: Ingiza kwenye mfumo

Kila kitu huingizwa PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti: lengo, shughuli, kasma (namba ya aina ya matumizi), kiasi, robo mwaka ya utekelezaji. Shule, zahanati na vituo vya afya navyo huwa na mipango yao humo, kwa sababu tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Shughuli isiyokuwemo kwenye PlanRep haitaonekana kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, na isiyokuwemo MUSE hailipwi. Kosa linalojirudia ni kasma isiyo yake: mafuta ya jenereta yamewekwa kwenye kasma ya mafuta ya gari, halafu mnatumia wiki mbili kuomba uhamisho wa fedha.

Hatua ya 7: Vikao

Timu ya menejimenti huanza, kisha baraza la wafanyakazi, kisha kamati za kudumu, ambapo kamati ya fedha, uongozi na mipango ndiyo yenye neno zito. Halafu mkutano maalumu wa Baraza la Madiwani. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inataka bajeti ipitishwe angalau miezi miwili kabla ya mwaka kuanza. Kwa kalenda ya siku hizi hufanyika Januari au Februari. Kamati ya ushauri ya wilaya na ile ya mkoa huijadili, sekretarieti ya mkoa huichambua, OR-TAMISEMI na Hazina huipitia, kisha ruzuku yenu huingia bungeni ndani ya fungu la mkoa wenu.

Diwani, kitabu ukipewa usiku wa kuamkia baraza, usijaribu kukisoma chote. Fungua kwenye mapato ya ndani na uulize makusanyo halisi ya Julai hadi Desemba. Nenda kwenye miradi, uulize ipi inavuka kutoka mwaka jana na kwa nini. Uliza jumla ya madeni ya watumishi na wazabuni, na yamewekwa kwenye kasma ipi. Ukijibiwa hayo matatu kwa namba, bajeti yenu ina afya. Ukijibiwa kwa hotuba, omba kikao kiahirishwe kwa saa mbili namba zitafutwe.

Hatua ya 8: Tekeleza ukijua fedha zitachelewa

Bajeti kupitishwa hakumaanishi fedha zimefika. Ruzuku hutolewa kadiri Hazina inavyokusanya, na mradi ulioandikwa milioni 500 unaweza kupokea 200 Desemba na zilizobaki Mei. Andaeni mpango wa mtiririko wa fedha kwa kila robo, na mkataba usisainiwe kabla fedha yake haijaonekana kwenye akaunti. Kazi zinazohitaji ukame, kama misingi na kufyatua matofali, zipewe fedha ya ndani ya Julai na Agosti. Zisisubiri ruzuku itakayoingia mvua zikiwa zimeshika.

Wakati mwingine huja kinyume: fedha inafika bila kutarajiwa. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), kwa mapambano dhidi ya UVIKO-19. Ndani yake kulikuwa na vyumba vya madarasa 15,000, vya sekondari 12,000 na vya shule shikizi (matawi ya shule za msingi yaliyo mbali) 3,000, na vilitakiwa vipokee wanafunzi Januari. Hakuna halmashauri iliyokuwa imeviweka kwenye bajeti ya Julai. Zilizokuwa na maeneo yaliyopimwa, michoro na orodha ya mafundi ziliingia kazini mara moja. Nyingine zilianza kwa kutafuta kiwanja, saruji ikipanda bei huku zikitafuta. Weka basi faili la miradi mitano iliyoiva: eneo, mchoro, makadirio ya vifaa kwa bei za dukani kwenu. Lihuishwe kila Julai na kila Januari.

Kila robo mwaka, taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwenye kamati ya fedha na kubandikwa kwenye mbao za matangazo hadi kijijini. Nusu ya mwaka ikifika, kaeni mfanye uhamisho wa fedha kwa vibali, mkitoa kwenye shughuli zilizokwama na kupeleka kwenye zinazotembea.

Aprili ikianza, mweka hazina atoe orodha ya fedha zote zilizopokelewa na hazijatumika, mradi kwa mradi. Salio litakalokutwa Juni 30 hurudi Mfuko Mkuu wa Serikali, isipokuwa mmeomba na kupata kibali cha Mlipaji Mkuu wa Serikali kabla mwaka haujafungwa. Barua ya kuomba kibali iandaliwe Mei, ikiwa na mkataba, hati za madai na hatua ya kazi ilipofikia, na nakala iende kwa katibu tawala wa mkoa.